Tundu linalowaponza mafundi wa grainda Afrika Mashariki

Diski nyembamba ya kukatia chuma ni bidhaa inayosafiri kirahisi kuliko nyingi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Inashushwa katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, inapakiwa kwenye lori pamoja na misumari, kufuli na rangi, inapita Malaba, Namanga au Rusumo, na siku chache baadaye imetundikwa kwenye waya mbele ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kampala, Kigali, Bujumbura au Goma. Fundi huinunua moja moja, bila boksi na bila karatasi ya maelezo. Anatazama unene wake, anauliza bei, anaondoka nayo mfukoni.

Maelezo pekee anayoondoka nayo ni yale yaliyochapwa juu ya diski yenyewe, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa au Kichina. Ndani ya herufi hizo mna mambo manne au matano ambayo yakifuatwa, fundi anarudi nyumbani na macho yake mawili na vidole vyake kumi. Kwa wengi wanaochomelea mageti Kamukunji jijini Nairobi, wanaofua vyuma Katwe mjini Kampala, wanaotengeneza samani na madirisha Gakiriro ya Gisozi mjini Kigali, au wanaokata mabodi ya magari Buyenzi mjini Bujumbura, maandishi hayo ni pambo tu.

Hata jina la mashine halijapata makubaliano. Kuna wanaosema grainda, wengine grinda, na mafundi waliofunzwa kwa Kifaransa wana jina lao. Mashine ni ile ile: mota ndogo ya umeme, kichwa kilichopinda, na diski inayozunguka karibu na mkono wa anayeishika. Ilibuniwa Ujerumani mwaka 1954, na leo hakuna geti, kiti cha chuma wala tenki la maji linalotengenezwa katika ukanda huu bila kuipitia.

Kosa kubwa kuliko yote katika matumizi yake linaanzia kwenye tundu la katikati ya diski.

Diski za inchi nne na nusu, inchi tano, inchi saba na inchi tisa zote huwa na tundu la kipimo kimoja, milimita 22.23. Watengenezaji walikubaliana hivyo ili mhimili wa aina moja utumike kwenye mashine nyingi. Matokeo yake ni kwamba diski ya inchi tisa inaingia bila shida kwenye mashine ndogo ya inchi nne na nusu. Nati inakaza, swichi inawashwa, kazi inaendelea. Hakuna kitu kwenye tundu hilo kinachomwambia fundi kwamba amefanya jambo la hatari.

Tofauti iko kwenye mwendo. Mashine ndogo huzunguka kwa kasi kubwa, kwa kawaida mizunguko 11,000 kwa dakika. Mashine kubwa ya inchi tisa huzunguka polepole zaidi, takriban mizunguko 6,500. Mtu anaweza kudhani kubwa ndiyo yenye kasi, sivyo. Diski ya inchi tisa, yaani milimita 230, imeandikwa kwamba isizidi mizunguko 6,650 hivi kwa dakika, kwa sababu hapo ukingo wake wa nje unakuwa tayari unakimbia mita 80 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 288 kwa saa. Diski ya inchi nne na nusu inaruhusiwa hadi mizunguko 13,300, na ukingo wake pia unafikia mita zile zile 80.

Sasa weka ile kubwa kwenye mashine ndogo ya mizunguko 11,000. Ukingo wake utakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, karibu kilomita 477 kwa saa. Nguvu inayoivuta diski ipasuke haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Kwa mfano huu, diski inavutwa kwa nguvu inayozidi mara mbili na nusu ile iliyopimiwa. Ikipasuka, kila kipande kinaondoka na kasi iliyokuwa ukingoni, na hakichagui kati ya fundi, mteja anayesubiri geti lake na mtoto anayepita na ndoo.

Mafundi wenye uzoefu hujibu kwamba wamefanya hivyo miaka mingi na hakuna kilichotokea. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni gumu kuling'oa. Diski nzuri hutengenezwa ikiwa na akiba ya nguvu kupita kiwango kilichoandikwa. Kinachosahaulika ni kwamba akiba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kuvalisha diski kubwa kwenye mashine ndogo. Iliwekwa kwa ajili ya diski iliyopinda kidogo, iliyodondoka, iliyopata unyevu au iliyokandamizwa ubavuni. Anayeitumia akiba yote kwa mwendo hana kilichobaki kwa hayo mengine, na kwenye karakana za mtaani hayo mengine yapo kila siku.

Kuna na wale wa mashine za inchi nne, ambazo mhimili wake ni mwembamba na diski zake zina tundu la milimita 16. Diski ya inchi nne ikikataa kuingia kwenye mashine ya inchi nne na nusu, tundu linachimbwa kwa keekee au kupanuliwa kwa tupa. Tundu lililopanuliwa kwa mkono haliwi tena katikati kamili. Diski inazunguka ikiyumba, na ile pete ya chuma inayoshika kitovu chake imeshaharibiwa.

Tarehe iliyo kwenye pete

Pete hiyo ndogo ya chuma inafaa kutazamwa kabla ya kulipa. Juu yake hugongwa mwezi na mwaka, kwa mfano V 04/2027. Wengi hudhani ni tarehe ya kutengenezwa au namba ya kiwanda. Ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Kiwango cha Ulaya kinachohusu diski za aina hii, EN 12413, kinataka diski inayotumika kwa mashine ya mkononi isivuke miaka 3 tangu kutengenezwa.

Mtu atauliza, jiwe linaharibikaje kama maziwa? Diski ya kukatia si jiwe. Ni chembe ngumu za kusagia zilizoshikanishwa kwa gundi ya kiwandani na kuimarishwa kwa wavu wa nyuzi za kioo. Gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewani na kupungua nguvu taratibu. Mombasa, Tanga, Bujumbura kando ya ziwa, popote hewa ilipo nzito, diski iliyotundikwa nje ya duka misimu miwili ya mvua haiwezi kulinganishwa na iliyokaa ndani ya boksi kavu. Ikilazwa kwenye sakafu yenye maji, upande mmoja unakuwa mzito kuliko mwingine, na mashine inapowashwa mkono unahisi mtetemo. Mtetemo huo si wa kuvumilia. Ni wa kuzima mashine.

Kwa diski mpya, utaratibu unaofundishwa viwandani ni mfupi: ivalishwe mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme, kisha iwashwe na kuachwa izunguke bila kugusa kitu kwa muda wa nusu dakika hadi dakika moja, ikielekezwa mahali pasipo na mtu. Diski yenye kasoro mara nyingi huionyesha hapo. Ni dakika moja ambayo karakana nyingi haziitoi, hata pale zinapokuwa na muda wa kunywa chai.

Kuna pia mstari wa rangi. Mwekundu unaonyesha mita 80 kwa sekunde, wa kijani mita 100, wa njano mita 63 na wa bluu mita 50. Kwa fundi asiyesoma Kiingereza, rangi hizo nne zingetosha kumwongoza, lau zingefundishwa. Diski isiyo na mwendo ulioandikwa, isiyo na tarehe, na ambayo jina la mtengenezaji halionekani, haina sababu ya kununuliwa hata ikiwa nusu bei.

Kinga ilikuwa kipimo

Ukizunguka karakana yoyote kubwa ya mtaani, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Gisozi, utaona grainda nyingi zisizo na kinga, lile bamba la nusu duara linalofunika diski upande wa mshikaji. Sababu zinazotolewa ni kwamba linazuia kuona mstari, au linagonga kona. Sababu ya tatu haisemwi sana: kinga ya mashine ndogo haikubali diski kubwa. Fundi anapoifungua ili diski ya inchi tisa iingie, anaondoa kifaa pekee kwenye mashine kilichojua ukubwa sahihi wa diski. Ikishafunguliwa hairudi. Inapotea, na mashine inauzwa kwa fundi mwingine bila kinga wala mpini wa pembeni, na huyo wa pili hajui kwamba vilikuwepo.

Spana yake nayo hupotea. Baada ya hapo nati hufunguliwa kwa patasi na nyundo, na kila pigo linaacha jeraha kwenye nati na kwenye washa inayoshikilia diski. Washa iliyopinda huibana diski upande mmoja. Ufa unaanzia hapo, kitovuni, ambapo hauonekani.

Ajali nyingi, hata hivyo, hazihitaji diski kupasuka. Diski inaweza kubanwa ndani ya chuma inachokikata. Bomba lililowekwa juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, hulegea katikati kadiri linavyokatwa. Njia ya diski inajifunga, diski inasimama ghafla, na nguvu yote ya mota inairusha mashine kuelekea kwa anayeishika. Hapo ndipo uso, shingo au paja hukatwa, kwa mashine nzima na yenye diski nzima. Dawa yake ni kuweka tegemeo karibu na mahali pa kukata na kuacha kipande kinachokatwa kikiwa huru kuanguka, kushika mashine kwa mikono miwili, na kusimama kando ya mstari wa diski badala ya nyuma yake. Kukanyaga nondo kwa mguu huku ukiikata, jinsi inavyofanyika kwenye maeneo mengi ya ujenzi, ni kumpa diski hiyo mguu. Jiliwa haliuzwi bei ya kumshinda fundi wa mageti.

Diski ya kukatia pia haipaswi kutumiwa ubavu kulainisha sehemu iliyochomelewa. Ni nyembamba, milimita 1 hadi 3, na imetengenezwa kubeba nguvu kwenye ukingo tu. Ya kusagia ni nene, kama milimita 6, na kazi hiyo ni yake. Fundi anayetumia moja kwa kazi zote mbili anaokoa bei ya diski moja.

Umeme wenyewe una mtego wake katika nchi zetu. Grainda nyingi zina swichi inayojifunga ikiwa imewashwa. Umeme unakatika katikati ya kazi, fundi anaiweka mashine chini au juu ya meza, anakwenda kukaa kivulini. Umeme ukirudi, mashine inaanza kuzunguka yenyewe bila mtu, inatambaa, inauma waya wake au mguu wa aliye karibu. Mashine za kisasa nyingine zina kizuizi cha kutowaka upya, lakini za bei nafuu hazina. Umeme unapokatika, swichi izimwe na plagi ichomolewe, kabla ya kitu kingine chochote.

Meno ya mbao na mashine ya petroli

Maseremala wana balaa lao. Ili kukwepa gharama ya msumeno wa mviringo, wengine huvalisha kisu chenye meno ya kukatia mbao kwenye grainda. Visu hivyo vimepimiwa mashine zenye mwendo mdogo zaidi, zenye bamba la chini linalokaa juu ya ubao na kinga inayojifunga yenyewe. Kwenye grainda hakuna kimojawapo. Meno yakikutana na fundo la mti au msumari, yanashika, na mashine inaruka kwa nguvu ambayo hakuna mkono wa binadamu unaoimudu. Watengenezaji wa grainda wamekataza jambo hili kwa maneno yasiyo na utata, na kwa kweli hapa hakuna namna salama ya kueleza.

Katika miradi ya barabara na ya kuchimbia nyaya za intaneti kuna mashine ya petroli ya kushika mkononi, yenye diski ya inchi kumi na mbili au kumi na nne. Hii huzungusha ukingo wa diski kwa mita 100 kwa sekunde. Madukani kuna diski nyingine ya inchi kumi na nne, ya mashine ya kukatia inayokaa mezani, ambayo imepimiwa mita 80. Kwa macho zinafanana, na mara nyingi matundu yanalingana. Ile ya mezani ni ya bei ya chini. Kuivalisha kwenye mashine ya petroli ni kuipa mzigo wa zaidi ya mara moja na nusu ya ulioandikwa, ikiwa mikononi mwa mtu badala ya kufungwa kwenye meza. Kipimo cha inchi peke yake hakitoshi kununulia diski.

Kwa zege, vigae na mawe hutumika diski ya almasi, ambayo haina tarehe ya mwisho, ila ina mshale wa upande wa kuzungukia na vipande vya ukingoni vinavyopaswa kukaguliwa kila mara. Hatari yake kubwa haionekani siku hiyo. Vumbi la zege na mawe lina silika, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 1997 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, mbali na ugonjwa wa mapafu wa silikosisi usio na tiba ya kuurudisha nyuma. Mashine ya petroli huwa na sehemu ya kufunga mpira wa maji. Nusu lita kwa dakika hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa. Maji hayo yasimwagwe kwenye grainda ya kawaida ya umeme, na barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo.

Kisha kuna macho. Miwani ya jua haizuii cheche wala kipande cha diski. Katika karakana nyingi yupo mwenzao anayesifika kwa kutoa chuma jichoni kwa kijiti cha kiberiti au ncha ya wembe. Mkono wake mwepesi huacha kutu na vidonda kwenye kioo cha jicho. Vumbi la kawaida lioshwe kwa maji safi mengi. Lakini kitu kilichoruka kwa kasi na kuchoma jicho kisiguswe wala kusuguliwa. Jicho lifunikwe bila kulibana na mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Uganda ya 2006, Kenya ya 2007, na Rwanda imeweka masharti hayo katika sheria ya kazi ya 2018. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama ya kazi kati ya haki za msingi za mfanyakazi. Zote humtazama mwajiri. Fundi aliyejiajiri chini ya mabati, na kijana anayejifunza kwake bila mkataba, humwona ofisa wa kodi au wa manispaa kabla hajamwona mkaguzi wa usalama.

Bidhaa, kwa upande mwingine, ina wa kuikagua. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora, vipimo na upimaji iliwekwa ili mashirika ya viwango ya nchi wanachama yatambue kazi ya wenzao, bidhaa isipimwe upya kila mpaka. Diski inayoingia Mombasa ikiwa na tarehe iliyopita inaweza kuzuiwa Mombasa, na Kigali ikapona bila kufanya lolote. Na Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini Arusha mwaka 1999 unasema Kiswahili kitaendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano. Kuna Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao Zanzibar. Kuafikiana juu ya neno moja la mashine hii, na kutaka mistari mitano ya Kiswahili kwenye boksi linaloingia bandarini, si mradi unaosubiri mfadhili.

Kwa sasa watengenezaji hutumia picha. Diski nyingi zina duara ndogo zenye miwani, masikio, glovu na barakoa, na nyingine yenye mtu anayesoma kitabu, maana yake soma maelezo kwanza. Kitabu hicho hubaki ndani ya boksi la diski ishirini na tano, kwa mwenye duka.